Keki ya siagi ya biskuti yenye viungo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naoka keki nyumbani, hapa Dar es Salaam, na tangu nianze kuoka hii ya siagi ya biskuti maswali yanayoingia kwenye simu ni yaleyale: imegoma kuumuka, imekauka, mbona haina harufu ya ile biskuti. Nimeyajibu mengi kwa sauti huku mikono ina unga. Haya hapa kwa maandishi.

Siagi ya biskuti ni nini hasa? Ina siagi ndani?

Haina. Ni biskuti za viungo zilizosagwa mpaka zikawa laini, zikachanganywa na mafuta ya mimea na sukari. Ukifungua chupa utadhani ni siagi ya karanga, rangi yake ni hiyohiyo na mkate inapakwa vilevile. Lakini haina karanga, na zile chapa maarufu hazina maziwa wala mayai. Ngano na soya zimo. Mwenye mzio wa chochote asome kibandiko cha chupa aliyoishika mkononi, si maelezo yangu.

Biskuti yenyewe asili yake ni Ubelgiji, wanaiita speculoos. Biscoff, ambayo ndiyo wengi wanaijua, ni ya kampuni ya Lotus iliyoanzishwa mwaka 1932 katika kijiji cha Lembeke. Jina hilo ni biskuti na kahawa zilizounganishwa, kwa sababu ukiagiza kahawa huko unawekewa biskuti moja kando ya kikombe. Wabelgiji walikuwa na mtindo wa kuweka biskuti hizo katikati ya mkate uliopakwa siagi, na zikikaa hivyo zinalainika zenyewe. Kutoka hapo mpaka kuzisaga kabisa na kuzitia kwenye chupa si mbali, ingawa chupa zenyewe zilikuja kuingia madukani mwishoni mwa miaka ya 2000 tu.

Mbona ladha yake inanikumbusha chai ya viungo?

Kwa sababu ni viungo vilevile. Uholanzi kuna ndugu wa biskuti hii, speculaas, wanaila hasa kuelekea sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi mapema Desemba, na wanaikandamiza kwenye vibao vya mbao vilivyochongwa sura za watu na vinu vya upepo. Ndani yake kuna mdalasini, karafuu, kungumanga, tangawizi, iliki na pilipili manga nyeupe. Ya Ubelgiji ni pole zaidi: mdalasini unaongoza, na utamu wake una ule uchungu mdogo wa sukari iliyoungua.

Waholanzi hawakuotesha mikarafuu uani kwao. Kampuni yao ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilishika biashara ya karafuu na kungumanga za visiwa vya Maluku na Banda, na kwa muda mrefu haikutaka mche utoke. Ukatoka hata hivyo. Wafaransa waliupeleka Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja na Pemba. Kwa hiyo mtu akiniambia keki hii ni ya kizungu namwambia sawa, lakini harufu yake ukisimama bandarini Mkoani, Pemba, wakati karafuu zimeanikwa utaitambua.

Nipe vipimo.

Hivi ni vya trei moja ya duara ya sentimita 23, au mbili za sentimita 20 ukitaka kupandisha tabaka.

Kwa keki: unga wa ngano gramu 250, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, beking soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Siagi laini gramu 115, siagi ya biskuti gramu 180, sukari ya kahawia gramu 180, mayai 3, mtindi mililita 180, vanila kijiko cha chai kimoja.

Viungo, vyote vya unga: mdalasini vijiko vya chai 2, tangawizi kijiko 1, kungumanga nusu kijiko, iliki nusu kijiko, karafuu robo kijiko, na pilipili manga nyeupe kwa kidole, kiasi cha kubana mara moja.

Kwa krimu ya juu: siagi gramu 170, siagi ya biskuti gramu 200, sukari ya unga gramu 240, maziwa vijiko vikubwa 2, chumvi kidogo sana.

Jumlisha siagi ya biskuti yote: gramu 380. Chupa ya kawaida ni gramu 400. Nilizipanga hivyo makusudi, maana kufungua chupa ya pili kwa ajili ya vijiko vitatu ni kujitia hasara, na gramu 20 zinazobaki nitazisemea mwishoni.

Kwa nini niongeze viungo wakati siagi ya biskuti tayari inavyo?

Hili ndilo swali lenyewe. Keki nyingi za aina hii zinazokatisha tamaa zinakosea hapa: mtu ameilipia chupa ya bei, ameimimina yote ndani ya mchanganyiko, keki imetoka tamu, ya kahawia, na haina harufu ya chochote. Biskuti ile ilishaokwa mara moja kiwandani. Ukiioka tena, manukato yaliyobaki yanapaa na mvuke, na kilichopo kinamezwa na unga, mayai na mtindi. Unachobakiwa nacho ni sukari na mafuta.

Kwa hiyo mimi naigawa kazi. Ndani ya keki, siagi ya biskuti inaleta ulaini na rangi. Harufu inaletwa na viungo vyako mwenyewe. Juu ya keki, ambako hakuna moto, ndiko ladha ya chupa inakobaki kama ilivyo.

Na namna ya kuvitia ina maana yake. Usivitupe kwenye unga. Vichanganye na siagi, siagi ya biskuti na sukari tangu mwanzo, uviache dakika tano kabla hujaanza kuchapa. Manukato ya viungo yanashika kwenye mafuta. Unajua mwenyewe kwa nini bizari ya mchuzi inaanza na mafuta kabla ya maji; ni jambo hilohilo.

Viungo vya pakiti vinafaa?

Vya pakiti iliyofunguliwa juzi, ndiyo. Vya pakiti iliyokaa juu ya kabati tangu Idi iliyopita, nusa kwanza: usiposhtuka, keki nayo haitashtuka. Iliki na kungumanga naomba uzisage mwenyewe. Kungumanga unaikwangua kwenye upande mdogo wa kikwangulio, nusu kijiko hakichukui dakika. Iliki unaimenya, unachukua punje nyeusi, unatwanga na sukari kidogo ili zisikwepe kwenye kinu.

Mdalasini uko wa aina mbili sokoni. Ule wa tabaka nyingi nyembamba kama karatasi zilizoviringishwa pamoja, unaovunjika kwa vidole, ni mpole na una utamu. Ule wa gome moja nene gumu ni mkali zaidi. Kwa keki hii napenda ule mkali, kwa sababu una kazi ya kupenya sukari nyingi. Huo ni mdomo wangu. Wako unaweza kusema vingine.

Karafuu ndiyo ya kuogopa. Mara ya pili kuoka keki hii nilikuwa naongea na simu, nikachota kijiko kikubwa badala ya robo ya kijiko cha chai. Wifi yangu alitafuna kipande kimoja, akanyamaza, akagusa ulimi, akaniuliza taratibu, "Wifi, umeweka dawa ya meno?" Ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Na hakukosea: ile ile inayotuliza jino ndiyo inayonukia kwenye pilau. Robo ya kijiko, kisawazishwe kwa kisu.

Nawezaje kutengeneza siagi ya biskuti mwenyewe?

Chukua gramu 250 za biskuti za viungo. Ukikosa za Kibelgiji, biskuti za tangawizi zilizo ngumu na kavu zinafaa. Ongeza mdalasini kijiko cha chai kimoja. Zisage kavu kwenye kile kikombe kidogo cha blenda mpaka ziwe unga kabisa, kisha tia sukari ya unga gramu 40, na mililita 120 za mafuta ya alizeti kidogo kidogo huku ukisaga. Itaanza kama mchanga, itashikana kama udongo, halafu ghafla italegea na kung'aa. Hapo simama. Iache usiku mmoja, itakaza kidogo.

Usiongeze maji wala maziwa, hata ukiona imekuwa nzito. Maji yakiingia inageuka kuwa donge, na haikai zaidi ya siku chache. Ya mafuta matupu inakaa wiki tatu kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Wengine wanatumia mafuta ya nazi. Dar yatabaki laini, lakini Arusha au Nairobi asubuhi ya Julai utaichota kwa kisu, kwa sababu mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Na ukitumia yale ya kukamuliwa nyumbani, nazi ndiyo itakayozungumza, biskuti itakaa kimya.

Kuoka kwenyewe kunaendaje?

Oveni iwe nyuzi 175 kabla hujavunja yai la kwanza. Paka trei siagi, tandika karatasi ya kuokea chini.

Chapa siagi, siagi ya biskuti, sukari na viungo kwa dakika nne mpaka rangi ipauke na ujazo uongezeke. Ni kahawia, haiwezi kuwa nyeupe kama ya keki ya kawaida, kwa hiyo usisubiri weupe. Angalia inaposimama kwenye mwiko. Tia mayai moja moja. Vanila. Kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda, soda na chumvi, uutie kwa awamu tatu, ukipishanisha na mtindi, ukianza na unga na kumalizia na unga. Mara unga ukipotea machoni, acha. Kuendelea kuchapa baada ya hapo ndiko kunakoleta keki inayovutika kama mkate.

Trei ya sentimita 23 inachukua dakika 38 mpaka 45, zile mbili ndogo dakika 25 mpaka 30. Choma katikati kwa kijiti cha mshikaki: kikitoka na chembe mbili tatu zenye unyevu, itoe. Kikitoka kikavu kabisa umechelewa kidogo. Iache kwenye trei dakika 10, ipindue, ipoe kabisa.

Sina oveni. Nifanye kwenye mkaa?

Fanya. Aliyepika mkate wa kumimina anajua tayari: moto chini, makaa juu ya mfuniko. Kwa keki hii unataka sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili ndani yake, na mfuniko bapa unaokaa sawasawa. Pasha sufuria na mchanga wake dakika 15 ikiwa imefunikwa. Weka trei juu ya mchanga, funika, kisha gawa makaa: theluthi chini, mengine yote juu.

Kuna jambo moja la kuangalia. Sukari ya kahawia na siagi ya biskuti zinaungua haraka kuliko sukari nyeupe, na chini ndiko kunakoanza. Tandika karatasi mbili, na baada ya dakika 20 punguza makaa ya chini ubakize vipande viwili vitatu. Usifunue kabla ya dakika 35. Yangu ya mkaa inachukua dakika 50 hivi, na nikwambie ukweli, ina ukoko wa pembeni ambao oveni haijawahi kunipa.

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani?

Usifungue mlango. Ikiwa imeshakaa dakika 25 au zaidi, joto lililobaki linaweza kuimalizia. Iache nusu saa ndipo uchome kijiti. Ikiwa ni dakika kumi za mwanzo, washa mkaa.

Nakaa Nairobi na keki inapanda vizuri kisha inabonyea katikati. Kosa ni langu?

Ni la mlima. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na gesi ya beking pauda inatanuka haraka kuliko keki inavyoweza kujishika. Inapanda kama baluni halafu inachoka. Hukohuko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo unyevu nao unakimbia. Punguza beking pauda iwe kijiko kimoja badala ya kimoja na nusu, toa vijiko vikubwa viwili vya sukari, ongeza vijiko viwili vya mtindi, au maziwa mala mnavyoyaita, na pandisha oveni mpaka nyuzi 185 ukipunguza dakika kama tano. Mbeya ni vivyo hivyo.

Kama uko Tanga au Mombasa na bado inabonyea, hapo tuongee kuhusu mlango wa oveni. Uliufungua lini?

Keki yangu imekauka, nilifuata vipimo vyote.

Ulipima kwa kikombe gani? Kikombe cha kupimia ni mililita 250. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa 180 au 300. Na hata chenye ujazo sahihi, ukikichovya kwenye mfuko wa unga na kushindilia unapata gramu 150 na zaidi. Ukijaza kwa kijiko bila kushindilia unapata 125 hivi. Kwenye vikombe viwili tofauti hiyo ni gramu 50, na keki nzima inakuwa nyingine. Mizani ndogo ya jikoni inalipa gharama yake kwa keki tatu.

Mchanganyiko umekatika nilipotia mayai. Nitupe?

Hapana. Mayai yalikuwa ya friji, siagi ikashtuka. Tia kijiko kimoja cha unga uliopima, chapa, endelea. Mara nyingine toa mayai mapema, au yaloweke na maganda yake kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano.

Naweza kutumia majarini badala ya siagi?

Ndani ya keki, ndiyo, ila acha chumvi, maana majarini nyingi zina chumvi tayari. Kwenye krimu sikushauri. Krimu haina moto wa kuficha kitu, na harufu ya majarini itakaa mbele ya biskuti.

Krimu inayeyuka kabla wageni hawajafika!

Pwani krimu ya siagi ina saa zake. Siagi inayeyuka kuanzia nyuzi 30 na kitu, na sebule ya Februari haiko mbali na hapo. Kwa shughuli ya mchana mimi siweki krimu kabisa. Nachukua siagi ya biskuti, ambayo kwa joto letu hata kupasha haihitaji, namimina katikati ya keki iliyopoa na kuisukuma kwa mgongo wa kijiko mpaka ianze kuchuruzika pembeni. Juu yake biskuti zilizovunjwavunjwa, za kuwekwa dakika ya mwisho, kwa sababu zikikaa usiku zinalainika.

Ukiitaka krimu lazima, chapa siagi peke yake dakika tano, tia sukari ya unga, kisha siagi ya biskuti mwishoni na usiichape zaidi ya dakika moja. Ikilegea, bakuli lote friji dakika 15, rudi uchape.

Nataka michirizi ya siagi ya biskuti ndani ya keki. Kila mara inazama.

Ni nzito kuliko mchanganyiko, lazima izame. Mimina nusu ya mchanganyiko, chora michirizi myembamba kwa kijiko cha chai bila kufika ukingoni, funika kwa nusu nyingine, pitisha kisu mara mbili. Si mara kumi. Madonge makubwa yanatengeneza shimo, na keki ikikatwa inaachana hapohapo.

Bila mayai inawezekana?

Inawezekana: robo kikombe cha mtindi mzito kwa kila yai. Itakuwa fupi na nzito zaidi, ioke kwenye trei pana isiyo na kina. Kesho yake ni tamu kuliko leo.

Inakaa siku ngapi?

Bila krimu, siku tatu mezani ikiwa imefunikwa, na siku ya pili viungo vinakuwa vimetulia, ndiyo ninayoipenda. Yenye krimu, kwenye joto la pwani, iende friji baada ya saa chache, itakaa siku tano. Kabla ya kula itoe saa nzima. Siagi ikiwa baridi keki inakuwa kama tofali na watu watasema imekauka. Tabaka zisizopakwa kitu, zikifungwa vizuri kwa nailoni, zinakaa miezi miwili kwenye friza.

Na ile siagi iliyobaki imegandia ukutani mwa chupa?

Mimina maziwa ya uvuguvugu mpaka nusu ya chupa, yasiwe ya kuchemka maana kioo kitapasuka na mfuniko utaruka. Tia punje mbili za iliki zilizotwangwa. Funga, tikisa mpaka ukuta wa chupa uwe msafi, kunywa hapohapo ukiwa umesimama jikoni, kabla watoto hawajasikia.